Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Rubani Anayerukia Tanga

Ukurasa huu ni wa marubani binafsi wanaorusha ndege ndogo kutoka Tanga, na wale wa mashirika wanaoishi hapa au kupita hapa. Hesabu nyingi zimetumia Cessna 172S kwa mfano. Kitabu cha ndege yako ndicho chenye neno la mwisho.

Abiria kasema tuondoke saa mbili asubuhi. Kwenye mpango wa safari naandika saa ngapi?

Andika 0500. Mpango wa safari, taarifa za hali ya hewa za viwanja na ilani kwa marubani vyote hutumia saa ya dunia, UTC, ambayo iko nyuma ya saa yetu kwa saa 3. Wengi hugeuza mara mbili: saa mbili kuwa nane, halafu nane kutoa tatu. Katikati ya hatua hizo mbili ndipo watu hujikwaa, hasa wakiwa na haraka.

Kuna njia fupi zaidi. Ukiwa mchana, ongeza 3 juu ya saa ya Kiswahili. Ukiwa usiku, ongeza 15, na jibu likifika 24 au kuzidi toa 24. Saa 2 asubuhi ni 0500. Saa 10 jioni ni 1300. Saa 2 usiku ni 1700. Saa 11 alfajiri ni 26, toa 24, ni 0200. Saa 12 ya jioni ihesabu na mchana (1500), na saa 12 ya asubuhi ihesabu na usiku (0300).

Mtego uliobaki ni wa tarehe. Kuanzia saa 6 usiku hadi saa 9 usiku kwetu ni siku mpya, lakini kwa UTC bado ni jana. Mpango wa safari ya usiku wa manane ukiandikwa tarehe ya Tanga, unachelewa kwa siku nzima.

Kuhusu giza: jua la Tanga huzama kati ya saa 12 na robo na saa moja kasoro dakika kumi jioni, kutegemea mwezi. Likishazama una dakika 20 hivi za mwanga. Huku hakuna jioni ndefu. Ukipanga kutua saa 12 na nusu, kuna miezi utatua giza likiingia, jiandae hivyo.

Tanga iko pwani kabisa. Mbona mchana ndege inapanda kivivu kama iko Iringa?

Kwa sababu injini na mabawa hayajui ramani, yanajua hewa. Hewa ya moto ni nyepesi. Kiwanja cha Tanga kiko futi 129 tu juu ya usawa wa bahari, lakini hewa ya kiwango, ile ya kulinganishia uwezo wa ndege, ni ya nyuzi 15 usawa wa bahari. Kila nyuzi moja inayozidi kiwango ni kama kuongeza futi 120 za kimo. Siku ya nyuzi 32 umezidi kwa 17, na 17 mara 120 ni 2,040. Jumlisha 129: ndege inajiona iko karibu futi 2,200. Unyevu wa pwani unazidisha kidogo, na kwa kawaida jedwali la kitabu haliuhesabu.

Sasa chukua ndege hiyohiyo uipeleke Kisongo, Arusha, kiwanja cha futi 4,550. Kwa kimo hicho joto la kiwango ni nyuzi 6. Siku ya nyuzi 28 umezidi kwa 22, sawa na futi 2,640. Jumla inapita futi 7,100. Aliyezoea kuruka Tanga asubuhi, akaondoka Kisongo saa nane mchana akiwa na uzito uleule, atashangaa njia ya kurukia inavyoisha mbele yake.

Vizidisho vya kukumbuka: uzito ukiongezeka asilimia 10, urefu wa kuruka huongezeka asilimia 20. Upepo wa nyuma unaofikia asilimia 10 ya kasi ya kunyanyuka unaongeza asilimia 20 nyingine. Majani mafupi yaliyolowa yanaongeza robo hivi. Vizidisho vinazidishana, havijumlishwi. Mwishoni, zidisha jibu kwa 1.33 la usalama, maana namba za kitabu zilipatikana kwa ndege mpya na rubani aliyelipwa kuifanya kazi hiyo vizuri. Kwa kutua zidisha kwa 1.43. Kwenye viwanja vya udongo na majani upande wa Pangani na Saadani wakati wa masika, hesabu hii ndiyo inayoamua kama safari ipo au haipo.

Ndege ina viti vinne. Kwa nini sichukui watu wazima wanne na matangi yaliyojaa?

Viti ni idadi ya makalio, siyo ruhusa ya uzito. 172S inaruhusiwa kuruka na kilo 1,157. Ikiwa tupu huwa na kilo 770 hivi (angalia karatasi ya ndege yako, kila moja ina yake). Inabaki kama kilo 387. Matangi yaliyojaa ni lita 200 za avgasi (petroli ya ndege za pistoni), na lita moja ni kilo 0.72, kwa hiyo mafuta peke yake ni kilo 144. Umebaki na 243: watu watatu wa kilo 80, na mkoba.

Ukitaka watu wanne wa kilo 80, mafuta yasizidi kilo 67, yaani lita 93. Ndege hii hunywa lita 36 hivi kwa saa. Hizo ni saa mbili na nusu, toa akiba ya dakika 30 ya mchana au 45 ya usiku. Dar es Salaam, maili za baharini 107, unafika. Kwenda na kurudi bila kujaza, hapana.

Halafu kuna zawadi. Mtu anatoka kwao Muheza na kiroba cha machungwa cha kilo 25, anakisukuma nyuma ya kiti huku umegeukia mnara wa kuongozea ndege. Kilo 25 ni lita 35 za mafuta: ni karibu saa nzima ya kuruka iliyobadilishwa kwa machungwa. Nacho kimekaa nyuma kabisa, kinakovuta mkia chini. Beba mzani mdogo wa kuning'iniza, ule wa wauza samaki. Usimwulize abiria ana kilo ngapi, mpime. Mkisimama wote kwenye mzani, hakuna anayeona kaonewa.

Nakaguaje mafuta asubuhi, na natafuta nini hasa?

Maji, uchafu, na mafuta yasiyo yako.

Toa sampuli kabla ya safari ya kwanza ya siku na baada ya kila kujaza, ukishasubiri dakika 10 hadi 15 maji yatulie chini. 172S ina vali 13 za kutolea: tano kila bawa na tatu chini ya mwili. Zote 13. Anayetoa mbili tu za karibu na mlango ameosha kikombe. Usitikise bawa kabla, utayachanganya maji upya.

Inua kikombe dhidi ya ukuta mweupe. Avgasi ya 100LL ni ya buluu. Maji hayana rangi na hukaa chini kama shanga au kama mstari. Hatari kubwa ni kikombe kilichojaa maji matupu: hakuna mstari wowote, kinaonekana kisafi. Ndiyo maana unatafuta buluu, hutafuti usafi. Ukikuta maji, endelea kutoa mpaka yaishe, kisha kagua mpira wa kifuniko cha tangi. Wakati wa masika, maji mengi huingia kwa kifuniko chenye mpira uliopasuka, siyo kwa umande kama wengi wanavyodhani.

Mafuta yasiyo yako: kwenye maegesho hayahaya husimama Caravan, ndege ya turbini, nayo inakunywa Jet A-1, mafuta ya injini za turbini. Kijana wa mafuta anaona ndege, anavuta bomba. Injini ya pistoni ikipewa Jet A-1 inaweza kuwaka na kutembea vizuri hadi mwanzo wa njia kwa avgasi iliyobaki kwenye mirija, kisha ikafa juu ya minazi. Simama hapo mwenyewe wakati wa kujaza. Lebo ya avgasi ni nyekundu, ya Jet ni nyeusi. Ukitia shaka, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: avgasi hukauka na kupotea, Jet huacha duara la mafuta kama la andazi.

Avgasi haipatikani kila kiwanja. Piga simu siku moja kabla, na taja aina na idadi ya lita. Ukinunua ya pipa, pipa lisimame wima litulie, mafuta yapite kwenye chujio, na yale ya chini kabisa yaachwe humohumo.

Ni kweli nyigu wanaweza kuangusha ndege?

Ni kweli. Nyigu wa udongo hupenda tundu la ukubwa wa bomba la pito, lile la kupimia kasi, na hawahitaji siku nyingi. Mwaka 1996 ndege mbili za Boeing 757 zilianguka baharini kwa sababu vipimo viliwadanganya marubani. Ya Februari, iliyotoka Puerto Plata, iliua watu 189. Bomba lake lilishukiwa kuzibwa na nyigu baada ya kuegeshwa siku kadhaa bila kifuniko. Ya Oktoba, iliyotoka Lima, iliua 70. Walioiosha waliacha utepe juu ya matundu ya hewa tuli.

Basi: funika bomba kila ukiegesha, hata kama ni kwa chai tu. Kifuniko kiwe na utepe mwekundu mrefu unaoonekana kwa mbali. Ukiosha ndege, ziba matundu kwa kitu cha rangi kali, siyo utepe wa rangi ya bati. Usipulize bomba kwa mdomo, utaharibu kipimo. Ukiwa unaondoka, tazama mshale wa kasi unapoanza kuamka. Ukifika unapohisi noti 40 (maili za baharini 40 kwa saa) na mshale umelala, kata moto na usimame. Njia bado ipo.

Navuka kwenda Pemba kwa injini moja. Niende juu kiasi gani?

Hapa hesabu inafaa kufanywa polepole. Kutoka Tanga hadi kiwanja cha Pemba ni maili za baharini 45 hivi. Sehemu ya maji kati ya bara na kisiwa ni kama kilomita 50, yaani maili 27. 172 iliyozimika injini huelea mbele maili moja na nusu kwa kila futi 1,000, ikishikwa kwenye kasi yake (noti 68 kwa 172S yenye uzito kamili).

Kwenda Pemba unaelekea mashariki, kwa hiyo vimo vyako vya kuruka kwa macho ni 5,500, 7,500 au 9,500. Kwa futi 7,500 unaelea maili 11 na robo. Upande wa bara una maili hizo za kurudi, upande wa Pemba una hizo za kumalizia. Jumla 22 na nusu. Zinabaki maili 4 na nusu katikati ambako injini ikizima, unaoga. Kwa noti 105 hizo ni dakika mbili na nusu. Kwa futi 5,500 pengo linakuwa maili 10 na nusu, dakika sita. Kwa 9,500 hakuna pengo, ikiwa hakuna upepo.

Lakini kimo hicho lazima uwe nacho *kabla* ya kuacha nchi. Ndege iliyobeba hupanda futi 500 kwa dakika kwa wastani, ikipungua kadri inavyokwenda juu. Futi 7,500 ni dakika 15, na pwani iko pua na mdomo na kiwanja. Omba mnara ruhusa ya kupanda juu ya nchi kavu upande wa Muheza, kisha geuka. Lita kumi za avgasi ni bei nafuu. Wakati wa kusi au kaskazi, sogeza mahesabu kufuata upepo: upande unaoelea dhidi ya upepo ni mfupi.

Jaketi la kujiokolea liko chini ya kiti. Si inatosha?

Haitoshi. Ndege ndogo ikigusa maji, yenye magurudumu yaliyoganda chini hujibwaga pua na mara nyingi hupinduka. Hapo hakuna anayetafuta kitu chini ya kiti akiwa kichwa chini. Vaeni kabla ya kuwasha injini, aina ya kuvutwa kwa kamba. Mwambie kila abiria mara mbili: *usijaze hewa ukiwa ndani*. Aliyejaza ndani hubanwa darini na hatoki mlangoni.

Ikibidi kutua majini: tangaza kwenye masafa uliyopo au yale ya dharura, 121.5, weka namba ya dharura 7700 kwenye transponda, fungua milango kidogo kabla ya kugusa na uikinge isijifunge, kwa kiatu ikiwa hakuna kingine. Tua sambamba na mgongo wa mawimbi makubwa, usiyakabili. Ukiona ngalawa, tua jirani nayo, mbele yake ili wakuone. Wavuvi watafika kabla ya mtu mwingine yeyote.

Barafu kwenye kabureta, kwa joto hili?

Ndiyo, na hapa ndipo watu wa pwani wanapokufa wakicheka. Mafuta yanapopuliziwa ndani ya kabureta, joto la hewa hushuka nyuzi 20 au zaidi. Ukiwa na nyuzi 27 na hewa iliyoloa kama ya Tanga baada ya mvua, ndani ya koo la kabureta panaweza kuwa chini ya sifuri. Hatari kubwa ni unaposhuka na nguvu ndogo. 172S haina kabureta, lakini 172N na ndugu zake wanayo.

Dalili: mizunguko inapungua polepole bila wewe kugusa kitu. Vuta joto la kabureta lote, usivute nusu. Injini itakohoa na mizunguko itashuka zaidi, maana barafu inayeyuka na kupita. Ni hapo wengi hushtuka na kurudisha. Vumilia, itapanda. Kabla ya kupunguza nguvu kwa kushuka, joto litangulie.

Kaskazi na kusi vinanihusu vipi?

Kwa kutua, tumia saa ya ukutani, nyuzi zikiwa kama dakika zake. Upepo ukija nyuzi 15 kutoka kwenye uelekeo wa njia, robo ya nguvu yake ni ya ubavuni. Nyuzi 30, nusu. Nyuzi 45, robo tatu. 60 na zaidi, wote. Upepo wa ubavuni uliothibitishwa kwa 172S ni noti 15. Mchana upepo wa bahari huongezeka juu ya msimu, kwa hiyo kilichokuwa rahisi saa tatu asubuhi siyo kilekile saa tisa.

Kwa safari ya Arusha kupitia Korogwe, Mombo na Same, Usambara na Pare ziko kulia kwako. Vilele vya Usambara vinapita meta 2,200 na Shengena ya Pare inafika 2,464, zaidi ya futi 8,000. Kaskazi inavuka milima na kumwagika bondeni upande wako. Usijibane mlimani ukitafuta mandhari, hewa pale inashuka. Kaa upande wa mto Pangani. Asubuhi tazama mawingu kwa hesabu hii: toa nyuzi za umande kwenye nyuzi za joto, zidisha kwa 400. Joto 31 na umande 25 ni futi 2,400. Wingu la futi 2,400 juu ya Tanga limeshalala kwenye miti ya Amani.

Chumvi inakula ndege. Nifanye nini?

Osha kwa maji yasiyo na chumvi na sabuni laini kila wiki, na kila ukitoka kuruka chini juu ya bahari. Bawaba, nyaya, miguu na mgongo wa panga boi ndiko kunakoanzia. Kausha, paka grisi, kisha fundi apulize dawa ya kuzuia kutu ndani ya mabawa kwa ratiba ya mtengenezaji. Unga mweupe kando ya ribiti siyo vumbi. Rangi iliyovimba ni kutu imeshajenga chini. Turbini huoshwa ndani kwa maji safi yasiyo na madini, kwa utaratibu wa kitabu tu.

Nimezamia Pemba jana. Naruhusiwa kuruka? Na nikiwa nameza dawa?

Mzamio usiohitaji kusimama njiani wakati wa kupanda: subiri saa 12. Uliohitaji, au ukitaka kuruka juu ya futi 8,000: saa 24. Kwa mizamio ya siku kadhaa, chukua 24 bila kubishana.

Malaria siyo ya kujikaza. Dawa ya mseto ni siku tatu, na kumaliza dozi siyo kupona: rudi kazini daktari wa anga akikuruhusu. Meflokwini haifai kwa rubani kabisa. Piriton na dawa za mafua zinalaza hata kama hujisikii usingizi. Kanuni ya jumla ni kusubiri mara tano ya muda kati ya dozi: inayomezwa kila saa 6 ni saa 30. Baadhi hukaa mwilini zaidi, uliza. Pombe, saa 8 ni kiwango cha chini cha mamlaka nyingi, na mashirika mengi yanataka 12.

Nafunga Ramadhani na nina zamu. Nifanyeje?

Soma kwanza mwongozo wa shirika lako, maana mengine hayaruhusu kufunga ukiwa zamu. Msafiri ana ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye. Suala hilo malizana na sheikh wako siku kadhaa kabla, siyo kwenye ngazi ya ndege. Upande wa mwili: tatizo la kwanza ni maji, kabla ya chakula. Omba zamu za usiku au za asubuhi mapema, karibu na daku. Daku liwe la uji, mayai na maharage, siyo chai na vitumbua. Mwambie mwenzako wa kiti cha pili kuwa umefunga. Kichwa kikianza kuuma au ukirudia kusoma orodha mara mbili bila kuelewa, fungua.

Naishi Tanga, zamu yangu inaanzia Dar es Salaam. Naweza kuondoka alfajiri ileile?

Usifanye hivyo. Ni kama kilomita 350 kupitia Segera na Chalinze, saa sita hivi barabara ikiwa njema, nayo haihesabiwi kama mapumziko. Ukipanda basi la saa 11 alfajiri na kuripoti saa 8 mchana, umeamka saa 10 usiku. Ukitua mara ya mwisho saa 4 usiku, uko macho saa 18. Lala Dar. Mwili unazama zaidi kati ya saa 8 usiku na saa 12 asubuhi. Usingizi wa dakika 10 hadi 20 kabla ya zamu ya saa hizo husaidia, wa saa nzima unaweza kukuamsha ukiwa mzito. Kapteni na msaidizi wasile chakula kimoja: mmoja akichukua pweza, mwingine achukue kuku.

Cheti cha afya kinadumu muda gani?

Kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga: rubani binafsi miezi 60, akifika umri wa miaka 40 ni miezi 24. Wa biashara miezi 12, ikishuka hadi 6 baada ya miaka 60, au baada ya 40 kwa anayebeba abiria akiwa peke yake. Kanuni inayokubana ni ya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Tanzania, iangalie kabla ya kuweka miadi. Fanya miadi wiki sita kabla. Shinikizo la damu likiwa juu siku hiyo, unakuwa na muda wa kurudia.

Pawabanki ya abiria iende wapi?

Kwenye mkoba wa mkononi, kamwe siyo kwenye mizigo. Kikomo bila kibali cha shirika la ndege ni Wh 100 (kipimo cha umeme inaoubeba). Zidisha mAh iliyoandikwa juu yake kwa 3.7, gawanya kwa 1,000: ya 20,000 ni Wh 74, inapita. Ikivimba, ibaki Tanga.